Kamera nyepesi na tripodi ya safari: mwongozo kwa anayebeba mzigo wake mwenyewe

Mara ya kwanza nilipokwenda Irente, tripodi yangu, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, ilibaki gesti. Nilikuwa nimeshuka Mombo kutoka Dar es Salaam, nikapanda Kosta hadi Lushoto kwa ile barabara ya kona, zaidi ya kilomita 30 za kukwea mlima, begi la kamera likiwa mapajani kwa sababu juu ya keria sikuthubutu kuliweka. Kesho yake jioni, nilipotaka kutembea hadi kwenye jabali la Irente, bega langu la kulia lilikuwa na mstari mwekundu wa mkanda. Kamera na lenzi mbili zilikuwa kilo 3 na ushee, tripodi kilo 2 na nusu. Nikaisimamisha tripodi nyuma ya mlango, nikaondoka.

Jua lilipozama upande wa nyika, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ilishuka hadi sehemu 1/8 ya sekunde. Picha zote nzuri za jioni ile zimetikisika. Ninazo hadi leo. Ukizikuza utaona kila mstari wa mkonge kule chini Mazinde una pacha wake pembeni.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mizani, na maduka yatafuata baadaye. Kifaa ulichokiacha chumbani kwa sababu ya uzito hakikusaidii hata kingekuwa bora namna gani. Kwa hiyo kwanza amua utabeba kilo ngapi, kisha ugawe kilo hizo.

Hatua ya 1: Jua kilo zako

Lita moja ya maji ni kilo moja. Chukua begi utakalosafiri nalo, tia chupa mbili za lita moja na nusu, livae, kisha tembea saa mbili juani. Panda daladala nalo. Panda bodaboda. Ukirudi bila kulilaani, kilo 3 zinakufaa. Kama uliishia kulihamisha toka bega hili hadi lile, toa chupa moja, ujaze nusu, urudie siku nyingine.

Mimi kikomo changu ni kilo 3, kila kitu ndani: kamera, lenzi, betri, tripodi na begi lenyewe. Wapo wanaobeba 5 bila shida. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na muuzaji anayekusifia lenzi kubwa hatakuwepo kwenye ngazi za bandarini.

Vikomo vingine huwekwa na wengine. Ndege nyingi ndogo zinazokwenda mbugani na visiwani huku kwetu huruhusu kilo 15 kwa abiria, mkoba wa mkononi ukihesabiwa humo humo, na hutaka mabegi laini yasiyo na fremu ngumu. Kilimanjaro mpagazi hatakiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, na kamera kwa kawaida hukaa mgongoni mwako mwenyewe, kwa sababu wapagazi hutangulia na hutaiona tena hadi kambini.

Hatua ya 2: Angalia ulichopiga, usiangalie unachotamani

Fungua picha za safari zako mbili za mwisho, hata kama ulipiga kwa kamera ya kuazima. Kila picha imehifadhi ndani yake urefu wa lenzi uliotumika, kwa milimita: namba ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta vya mbali. Kwenye kompyuta utauona kwenye maelezo ya faili. Chukua picha unazozipenda tu, zile ulizomwonyesha mtu, uhesabu ziko wapi.

Nilipofanya hivyo nilikuta nyingi mno ziko kati ya milimita 18 na 50 kwa kamera yangu: watu kwenye baraza, vyombo vya kupikia, barabara, majahazi yaliyo karibu. Lenzi ndefu niliitumia kwa ndege na kwa milima ya mbali. Lenzi pana sana sikuitumia ila mara tatu, na zote tatu simu ingetosha. Hesabu hiyo imeniokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote la bei.

Hatua ya 3: Chagua ukubwa wa sensa kabla ya jina la kampuni

Sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ndiyo inayoamua uzito wa kila kitu kinachofuata. Fulifremu ni milimita 36 kwa 24. APS-C ni kama 23.5 kwa 15.6. Micro Four Thirds ni 17.3 kwa 13. Sensa ikikua, lenzi nayo lazima itupe duara kubwa zaidi la mwanga, na duara kubwa hutaka vioo vikubwa. Watu hulinganisha uzito wa bodi, yaani kamera bila lenzi, wakasahau kwamba mzigo wenyewe uko kwenye vioo.

Tazama seti tatu. Namba ya f kwenye lenzi ni ukubwa wa tundu la mwanga: ikiwa ndogo, mwanga mwingi huingia. Ya kwanza ni ya kazi za harusi na habari, inayoaminika na wengi: Canon 5D Mark IV yenye gramu 890 pamoja na betri na kadi, lenzi ya 24–70 mm f/2.8 L II yenye 805, na 70–200 mm f/2.8 L IS II yenye 1,490. Jumla gramu 3,185, na bado hujaweka begi wala tripodi.

Ya pili ni APS-C: Sony a6400, gramu 403, Sigma 18–50 mm f/2.8, gramu 290. Sony 55–210 mm, gramu 345. Jumla 1,038.

Ya tatu ni Micro Four Thirds: OM System OM-5, gramu 414, lenzi ya 12–45 mm f/4, gramu 254, 40–150 mm f/4–5.6, gramu 190. Jumla 858.

Seti hizi hazifanyi kazi sawasawa, na ni haki useme hivyo mbele ya muuzaji. Lenzi ndefu za seti mbili za mwisho hupokea mwanga mdogo kuliko ile ya kwanza, kwa hiyo ndani ya ukumbi wenye giza utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na picha itakuwa na chembechembe. Kwa safari za mchana na jioni, tofauti hiyo naikubali kwa moyo mweupe ili nipunguze kilo 2.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni uzuiaji wa mtikisiko. OM-5 inao ndani ya bodi, kwa hiyo kila lenzi utakayoifunga inafaidika. Kwa Sony a6400 hauko kwenye bodi, na ile Sigma nayo haina. Hapo una mikono yako tu. Kanuni ya zamani bado inafaa: kasi ya shata isiwe chini ya moja kugawa kwa urefu wa lenzi, ukiuzidisha kwa 1.5 kwa APS-C. Ukiwa kwenye 50 mm unahitaji angalau 1/80, na kwenye 210 mm, 1/320. Uzuiaji mzuri wa mtikisiko hukuruhusu kushuka hatua tatu au zaidi chini ya hapo (kila hatua ni nusu ya kasi iliyotangulia), mradi unachopiga kimetulia. Mtu anayetembea atatoka ukungu vilevile.

Ukiniuliza ninunue nini, nitakujibu APS-C kwa wengi: lenzi za mtumba zinapatikana, bei zinavumilika. Nitakupeleka OM-5 kama unapanda ngalawa na unajua utarushiwa maji, kwa sababu imefungwa dhidi ya vumbi na matone kwa kiwango cha IP53. Fulifremu mwachie anayeuza picha za kuchapishwa kubwa.

Hatua ya 4: Lenzi mbili, na uikague kila moja kwa tochi

Lenzi moja ya zumu ya kawaida, moja ndefu nyepesi. Basi. Ukitaka ya tatu, iwe ndogo isiyo na zumu, kama Fujifilm XF 35 mm f/2 yenye gramu 170 kwa wenye Fujifilm, au Panasonic 20 mm f/1.7 yenye gramu 87 kwa wenye Micro Four Thirds. Lenzi ya namna hiyo inakufaa usiku Forodhani, Zanzibar, penye moshi wa mishikaki na taa za wauzaji, ambapo lenzi kubwa humfanya mtu ageuze uso.

Kwa mtumba, ukinunua Kariakoo, Luthuli Avenue ya Nairobi au kwa ndugu anayerudi kutoka Dubai au Muscat, usiridhike na kuona lenzi inawaka na kuzoom. Toa vifuniko vyote viwili, fungua tundu lake lote, uelekeze tochi ya simu nyuma yake, utazame kwa mbele ukiigeuzageuza. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na huku pwani itazidi kukua. Rudisha. Kisha iweke kwenye kamera, piga ukuta mweupe kwa f/16 na ukuze picha: madoa yanayobaki palepale hata ukibadilisha lenzi, hayo yapo kwenye sensa.

Hatua ya 5: Je, tripodi unaihitaji?

Unaihitaji kwa mambo haya: machweo na mapambazuko, nyota, maji yanayotakiwa yaonekane kama maziwa, picha yako mwenyewe na familia. Kama hupigi hata kimoja kati ya hivyo, weka fedha yako.

Kuna njia za kati. Tripodi ndogo ya mezani isiyofika robo kilo, ukiiweka juu ya baraza la mawe Mji Mkongwe, hutulia kuliko tripodi ndefu dhaifu, na haizibi njia. Vichochoro vile ni njia ya watu na mikokoteni, na kumsimamisha mama mwenye ndoo kwa ajili ya picha si adabu. Mbugani, juu ya dirisha la gari, mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele hufanya kazi kuliko tripodi yoyote. Safiri nao mtupu, nunua kilo mbili za mchele ukifika, na siku ya kuondoka umpe mpishi.

Hatua ya 6: Kuchagua tripodi

Madukani wengine huiita stendi. Angalia usipewe stendi ya simu au ya taa; kwa nje hufanana, lakini ya taa haina kichwa cha kugeuza kamera.

Anza na urefu, na hapa chukua futi ya fundi cherehani. Pima toka sakafuni hadi jichoni. Tuseme ni sentimita 158. Toa urefu wa kichwa cha tripodi, kama sentimita 9, toa pia umbali wa toka chini ya kamera hadi tundu la kuchungulia, kama sentimita 8. Inabaki 141. Huo ndio urefu ambao miguu peke yake ingepaswa kufika, nguzo ya kati ikiwa imelala. Tripodi nyingi za safari haziufikii, na si vibaya: ukiwa na kioo kinachoinuka nyuma ya kamera, 125 inatosha, utainama kidogo. Kinachoharibu picha ni kufidia upungufu kwa kuinua nguzo ya kati. Nguzo ikiinuliwa, kamera yako imekalia mguu mmoja uliosimama juu ya mitatu.

Kisha angalia mguu wa chini kabisa. Tripodi ya vipande vitano hukunjwa ikawa fupi, lakini kipande cha mwisho huwa chembamba kama penseli. Ya vipande vinne ni ndefu kidogo ikikunjwa na hutulia zaidi. Ninapendelea vinne. Kwa urefu wa kukunjwa, sentimita 40 hivi huingia kwenye begi la kawaida; Manfrotto Befree na Peak Design Travel Tripod zote zinacheza hapo.

Kaboni au alumini? Ile ya Peak Design hutengenezwa kwa namna zote mbili, na kwa hiyo ulinganisho ni wa haki: kaboni kilo 1.27, alumini kilo 1.56. Unalipa fedha nyingi zaidi kwa gramu 290. Kaboni pia hutuliza mtetemo haraka na haikuumizi mkono kwa baridi alfajiri Kilimanjaro. Lakini kama fedha ni za kupimwa, chukua alumini nzuri, na hizo gramu 290 uzitoe kwa kuacha lenzi ya tatu.

Uzito unaoandikwa kwenye boksi, "hubeba kilo 8" au 10, ugawe kwa tatu. Kichwa kiwe cha tufe (ball head), kwa kuwa kina kitasa kimoja cha kukaza na huwahi. Hakikisha bamba lake, kile kipande kinachofungwa chini ya kamera, ni la mtindo wa Arca-Swiss, ili likipotea upate jingine kirahisi, na ununue la akiba siku ileile. Skrubu inayoingia kwenye kamera ni ya robo inchi kwa kamera karibu zote.

Sasa majaribio ya dukani. Nenda na kamera yako na lenzi yako ndefu.

Fungua miguu yote, kaza, kisha uibonyeze kwa kiganja toka juu. Mguu ukiteleza kurudi ndani, iache.

Funga kamera, ielekeze kwenye herufi moja ya bango la mbali, kaza kichwa, achia mikono. Herufi ikishuka kwenye kioo, kichwa hicho kitakutesa kila picha.

Kuza picha ya kwenye kioo hadi mwisho, piga mguu mmoja kwa kidole, uhesabu: moja, mbili, tatu. Mtetemo ukitulia kabla ya mbili, vizuri. Fanya hivyo kwa tripodi mbili au tatu zilizosimama pamoja, na tofauti utaiona mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Mwisho, ifunge na kuifungua mara tano, na mara ya tano ufumbe macho. Sababu ni jua la kwetu. Jua hutembea nyuzi 15 kwa saa, na karibu na ikweta hushuka wima. Toka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama, huku hutumia dakika kama 25. London mwezi wa Juni huchukua karibu mara mbili. Ule mwanga wa dhahabu unaosimuliwa na wapiga picha wa Ulaya kwamba ni wa saa nzima, sisi hatunao. Inapokaribia saa 12 na nusu jioni, ukiwa bado unapambana na vifungo vya miguu, umeshachelewa.

Vifungo vyenyewe ni vya aina mbili: vya kuzungusha na vya kubana kwa kidole. Vya kuzungusha havinasi kwenye begi, lakini mchanga ukiingia husaga. Vya kubana vinaonekana kwa macho kama vimefungwa. Anayeishi pwani au anayekwenda Pangani na Paje achague vya kubana, au ajifunze kufungua na kusafisha vile vya kuzungusha.

Hatua ya 7: Vitu vidogo

Betri mbili za akiba. Kwenye ndege, betri za lithiamu za akiba hukaa kwenye mkoba wa mkononi, haziingii kwenye begi la mizigo. Pawabenki isizidi wati-saa 100 bila idhini ya shirika; ya 20,000 mAh ni 74, kwa hiyo inapita. Tripodi iweke kwenye begi la mizigo katikati ya nguo, maana baadhi ya wakaguzi hawairuhusu mkononi.

Kwa mvua na vumbi, usitegemee mfuko wa rambo. Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017. Nunua mfuko mwepesi usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo. Ongeza vipakti viwili vya silika vya kunyonya unyevu na kitambaa laini.

Ukilala chumba chenye AC Zanzibar, usitoe kamera nje ghafla. Mvuke utaganda kwenye kioo na ndani. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, ipate joto taratibu. Kwenye baridi ya mlimani ni kinyume chake: betri huishiwa nguvu mapema, ziweke kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Hatua ya 8: Uwanjani

Fungua kwanza vipande vinene vya juu, vyembamba vya mwisho kama vinahitajika. Mguu mmoja uelekee kule inakotazama lenzi, ili uzito wa lenzi ukalie juu yake. Penye upepo, tundika begi kwenye ndoano ya chini ya nguzo, lakini liguse ardhi kidogo; likining'inia huru litayumba na kuitikisa kamera nzima. Weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiwe sehemu ya picha. Zima uzuiaji wa mtikisiko kamera ikishatulia juu ya tripodi.

Kwa nyota, gawa 500 kwa urefu wa lenzi uliozidishwa kwa 1.5 kwa APS-C. Kwa 18 mm unapata kama sekunde 18. Zaidi ya hapo nyota zitavutika kuwa mistari. Miezi ya Juni hadi Agosti, usiku usio na mwezi, Njia Nyeupe (Milky Way) hupita juu kabisa ya kichwa.

Jingine ni la usalama. Tripodi huvuta macho kuliko kamera. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, viwanja vya ndege na Ikulu visiwe mbele ya lenzi yako. Kijijini, salimia kwanza, eleza, ndipo uifungue.

Niliporudi Irente mara ya pili, mizani ilisoma hivi: kamera na lenzi mbili gramu 1,038, tripodi ya kaboni 1,270, betri na vikorokoro 190, begi 480. Jumla gramu 2,978. Nilitembea toka Lushoto mjini hadi jabalini kwa saa moja na ushee, nikafika jua likiwa bado juu, nikanywa chai ya chupa iliyobebwa na kijana aliyenisindikiza. Nilipiga kwa sekunde 1/4, kisha nusu sekunde, kisha sekunde 2, hadi taa za kwanza za Mazinde zilipowaka. Kesho yake nilishuka kwenda Pangani, nikaisimamisha tripodi kwenye maji ya bahari yanayofika magotini, na usiku ule ule niliiosha kwa maji baridi ya bomba, miguu yote ikiwa imefunguliwa, nikaiacha ikauke hivyo hivyo uani kabla ya kuikunja.